Tangazo la Jumamosi

Niliandika mwenyewe, kwa kalamu nene ya bluu,
maana mashine ya ofisi ilikuwa imekauka wino:
JUMATATU, mhadhara. Dokta Rwechungura.
"Mteja ni nani?" Ukumbi mdogo, saa nane mchana.
JUMATANO, tafrija ya kuwapokea wa mwaka wa kwanza.
JUMAMOSI, Shule ya Ustawi wa Jamii yafungua milango,
waajiri watakuwepo,
WOTE NJOONI MUANDIKISHWE.
Neno hilo la mwisho ndilo lililoniponza.

Nakala saba. Nne za chuoni,
moja kwenye kivuko cha Kamanga, moja getini Bugando,
na moja, kwa kuwa gundi ilibaki,
ukutani kwa choo cha kulipia, Mwaloni Kirumba,
ambako wanawake hupima dagaa kwa debe
na karatasi yenye mhuri husomwa mara tatu.

Jumatatu Dokta alizungumza na viti.
Watu kumi na mmoja, wawili wamesinzia,
na korongo mmoja juu ya jiwe, nje ya dirisha,
aliyesikiliza hadi mwisho, mabawa nyuma, kama mkaguzi.
"Mteja," alisema Dokta, "ni yule ajaye na shida yake
akaamini kwamba mlango ni mlango."
Nikaandika kwenye kumbukumbu. Nikazima feni.

Jumatano sambusa zilikwisha kabla ya hotuba.
Binti wa Ukerewe, Nyangeta,
alikunja ya pili ndani ya leso.
Nikajifanya nahesabu chupa.

Jumamosi, saa moja na nusu,
waajiri wangali wanahangaika na mabango yao,
upepo wa ziwa ukiyakunja kila yakinyooshwa,
wakaja.
Hawakuwa na vyeti. Walikuwa na ndoo,
kanga zenye magamba, watoto mgongoni,
kadi za kliniki, barua za mwenyekiti wa mtaa,
mmoja na hati ya kifo cha mumewe ndani ya nailoni.
"Tumekuja kuandikishwa," walisema,
wakakaa viti vya mbele, vile vyenye vitambaa.

Mkuu wa shule akanivuta pembeni.
"Bwana Masalu, hawa ni nani?"
Jibu nilikuwa nalo tangu Jumatatu.
Nikalimeza.

Kijana wa shirika moja, shati jipya, mikunjo ya dukani bado,
alikuwa ameshamfikia wa kwanza na fomu yake.
"Jina?"
"Nyafuru Magesa."
"Elimu?"
"La saba."
"Uzoefu wa kazi za jamii?"
Mama akacheka, akageukia wenzake, nao wakacheka.
"Nimelea sita, wawili wangu.
Msiba ukiingia Igogo, mimi ndiye ninayepita na daftari.
Yule wa mtumbwi uliozama, mkewe nililala naye siku arobaini
asije akaifuata maji.
Hiyo unaiandika wapi?"
Kijana akaitazama fomu.
Akaigeuza nyuma. Nyuma ilikuwa nyeupe.
Akaandika huko, polepole,
akimwomba arudie.

Sitasema waliajiriwa. Hawakuajiriwa.
Walikunywa chai iliyokuwa ya wageni rasmi,
na mimi nikafungua daftari la mahudhurio
nikaandika majina arobaini na matatu, na shida ya kila mmoja,
bila kujua nitalipeleka wapi.
Wale wa mwaka wa kwanza walisimama nyuma, kimya,
isipokuwa Nyangeta,
aliyekuja kunishikia rula.

Leo nimetumwa kubandua.
"Tangazo lina utata," imesema barua, "lisahihishwe."
Nimeshuka Mwaloni na kisu kidogo na maji ya moto,
harufu ya dagaa imenitangulia hadi ukutani.
Karatasi ingalipo, pembe moja imeliwa na mvua.
Chini ya mhuri wangu, mtu ameandika kwa mkaa,
herufi kubwa, zenye kupinda:
NA JUMAMOSI HII, SAA NGAPI?

Maji yanapoa.
Kalamu nene iko mfuko wa shati.